Mwanga Mkali Haukupimwa

Mstari ulikuwa umelala. Hayet alipiga tena ule mwanga hafifu, akasubiri, akatazama skrini, na mstari ukabaki umelala vilevile kana kwamba hakuna mtu mbele ya mashine. Na mtu alikuwepo. Alikuwa Yosr, binti wa miaka kumi aliyeletwa Tunis asubuhi ile kutoka kijiji kimoja karibu na Makthar. Uso wake ulikuwa ndani ya bakuli jeupe la mashine, na chini ya kila jicho ulikuwa umelazwa uzi mwembamba wa kupokea umeme, uzi ambao hata wanaume wenye masharubu huulalamikia.

"Umeona kitu, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Umeshawasha?"

"Mara sita."

Mtoto mwenye akili hahitaji kufafanuliwa jibu kama hilo.

Chumba kilikuwa giza totoro isipokuwa taa ndogo nyekundu juu ya meza ya Hayet. Nje jua la Agosti lilikuwa utosini na hospitali nzima ya macho ilikuwa inatokwa jasho, lakini humu ndani walikuwa wamekaa gizani dakika ishirini kamili kabla ya kuanza, maana jicho lisipozoea giza kwanza, hakuna kinachopimika. Walikuwa watatu. Wa tatu ni Dorsaf, dada yake Yosr, msichana wa miaka ishirini mwenye miwani minene, aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango.

Dorsaf naye haoni gizani tangu azaliwe. Alipimwa kwenye kiti hichohicho akiwa na miaka kumi na mmoja, na daktari akaandika kwamba retina yake, ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, inakufa polepole, kwamba akifika thelathini atakuwa kipofu. Baba yao, Mokdad, hakupoteza muda. Alimtoa shule mwezi uleule akampeleka kwa mwanamke mmoja mfuma mazulia, ili vidole vijifunze kazi kabla macho hayajazimika. Sasa shule zilikuwa zimebakiza wiki tatu kufunguliwa, na Mokdad alikuwa ameshasema mbele ya kila mtu kwenye foleni: huyu mdogo akiwa kama dada yake, basi, harudi darasani. Ndicho kilichokuwa kinapimwa pale, na wote waliomo chumbani walikijua, mtoto akiwa wa kwanza.

"Jikaze tu," Dorsaf alimwambia mdogo wake kutoka gizani. "Mimi sikulia hata kidogo. Muulize baba. Alinisifu kijiji kizima, akaninunulia halua ya ufuta robo nzima, nikala peke yangu."

"Mchoyo wewe."

"Ulikuwa na mwaka mmoja! Ningekupa ukasakamwa."

Hayet alicheka kidogo. Yosr naye akapata nguvu ya kuuliza alichokuwa anakizungusha mdomoni tangu asubuhi. "Shangazi, kwa nini mimi sioni gizani na wenzangu wanaona?"

Hayet alikuwa amefanya kazi ya kupima macho katika chumba kile miaka kumi na tano, na swali hilo alishaulizwa kwa lahaja zote za nchi. "Sikiliza. Ndani ya jicho kuna seli inayokamata mwanga. Ina tabia ya ajabu. Kukiwa giza, ndipo inapopiga kelele. Inamwaga kitu kinaitwa glutamati, inamwaga, haipumziki. Mwanga ukiingia, inanyamaza."

"Inanyamaza?"

"Kimya. Sasa ina jirani yake. Huyo jirani ana kipokezi, ndilo sikio lake la kuisikia glutamati. Kelele ikikoma, anajua taa imewaka, anapeleka habari mbele mpaka kichwani. Mama yako akiwa jikoni nanyi mnacheza uani kwa makelele, ana wasiwasi?"

"Hana."

"Mkinyamaza ghafla?"

"Anatoka mbio!" Yosr akacheka, na mstari kwenye skrini ukarukaruka kwa sababu ya kope zake. "Kwa hiyo mimi seli yangu imekufa?"

Dorsaf aliacha kutikisa mguu. Hayet akajibu taratibu, akichagua maneno. "Huenda imekufa. Au huenda ni nzima kabisa ila jirani hana sikio. Kwa mwanga hafifu mambo hayo mawili yanafanana, mstari unalala tu. Ndiyo maana tuna mwanga mkali. Huo unaisikiliza ile seli ya kwanza yenyewe. Ikiwa hai, mstari unazama chini. Ikiwa imekufa, unabaki umelala."

"Na jirani asiye na sikio, naye anakufa baadaye?"

"Hapana. Anabaki hivyo alivyozaliwa. Gizani utajikwaa maisha yako yote, lakini mchana utaona, kwa sababu mchana yupo jirani mwingine mwenye sikio la namna nyingine. Kipofu hutakuwa."

Hayet alijilaumu kwa kumfungulia mtoto mlango wa matumaini kabla hajajua kilichomo ndani. Akanyoosha mkono kubadilisha nguvu ya mwanga, na papo hapo mapazia meusi ya mlangoni yakasukumwa kwa ustadi, moja baada ya jingine, pasipo kuingiza mwanga. Aliyeweza kuingia hivyo ni mmoja tu, Daktari Fethi.

"Vipi?" aliuliza kwa kunong'ona, akaweka faili kuukuu mezani. Hayet ndiye aliyeliagiza kutoka stoo, la Dorsaf.

"Hafifu umelala."

"Kama dada yake. Haya, mtoe. Nje wako kumi na wawili na baba mtu ameshanishika koti mara mbili."

"Bado mwanga mkali, daktari."

"Wa nini, Hayet? Maiti hapimwi homa."

Alinong'ona, ni kweli, lakini chumba cha hatua nne hakina siri. Hayet alimwona Dorsaf akiinamisha kichwa, na hasira ikampanda hadi masikioni. Daktari Fethi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mchovu akipewa kalamu anaweza kufanya mabaya kumshinda mbaya mwenyewe. "Nipe dakika tano," alimwambia. Daktari akahema, akatoka.

Hayet alilifungua lile faili chini ya taa nyekundu. Muhuri mwekundu wa hospitali haukuonekana kabisa kwenye mwanga ule, lakini wino wa buluu ulikuwa mweusi ti. Karatasi ya kipimo ilikuwa moja tu, yenye mstari mmoja uliolala. Chini yake: *Mwanga mkali haukupimwa. Mtoto analia sana.* Halafu sahihi fupi yenye mkia mrefu.

Sahihi ilikuwa yake.

Aliisoma mara ya pili, ya tatu. *Mtoto analia sana.* Na kiti karibu na mlango kilikuwa kimesema sasa hivi, bila kuulizwa: sikulia hata kidogo. Alitazama tarehe. Ilikuwa siku moja kabla ya Idi ya Kuchinja, miaka tisa iliyopita, na mara kila kitu kikarudi kana kwamba mtu amewasha taa. Mume wake alikuwa nje ya geti na gari la kuazima. Ndani ya gari kulikuwa na kondoo aliyefungwa miguu, anayelia katika joto, na mume alikuwa anampigia simu kila dakika mbili kwamba kondoo atakufa kabla hajachinjwa. Hospitali ilikuwa inafungwa mapema. Mstari hafifu ulikuwa umelala, akajisemea, umelala ndio umelala, mkali wa nini. Lakini fomu ilikuwa inataka sababu. Akaandika ile inayoandikwa siku zote na kukubaliwa siku zote, akavua koti, akakimbia. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hayet ilikuwa imetembea miaka tisa bila kumgeukia, mpaka leo.

Asubuhi ile kwenye foleni alikuwa amemwona Dorsaf akimshonea Yosr kifungo cha gauni. Aliupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja, bila kubahatisha. Hayet aliona, akapita. Retina inayokufa haipitishi uzi kwenye sindano baada ya miaka tisa. Aliona kwa macho yake, macho mazima, akapita.

"Shangazi," Yosr aliita, "mbona umenyamaza?"

"Niko hapa." Akabadilisha nguvu ya mwanga. "Sasa kaa vizuri, usipepese. Huu ni mkali."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe wakati mlango ulipofunguliwa. Safari hii hapakuwa na ustadi. Mokdad aliyasukuma mapazia yote mawili kwa bega, na mchana mzima wa ukumbini ukamwagika ndani pamoja naye, kofia yake nyekundu mkononi.

"Gari la Makthar linaondoka saa nane! La kwanza limeshatuacha, hili la pili likituacha tutalala barabarani. Mtoto yuko wapi?"

"Funga mlango!" Hayet alipiga kelele ambayo hakuwahi kumpigia mgonjwa. "Funga!"

Mzee aliufunga kwa mshtuko, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Jicho la Yosr lilikuwa limekunywa mwanga wote ule. Hayet alikaa, akajishika kichwa. "Tunaanza upya. Dakika ishirini za giza."

"Ishirini nyingine? Za nini, dada? Daktari ameshaniambia pale nje. Kasema ni yaleyale." Mokdad hakuwa anafoka tena. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwishazika na anataka kwenda nyumbani. "Mimi sina ugomvi na Mungu. Alinipa mabinti wawili, na macho yao ameamua kuyachukua. Yosr, toka humo, tuondoke."

Nyuzi zilitikisika. Yosr alikuwa ameanza kuinuka.

"Kaa," alisema Dorsaf.

"Nimesema tuondoke."

"Nimekusikia, baba." Dorsaf alisimama, akapapasa kiti chake, akakisukuma mpaka kwenye mlango, akakaa juu yake, mgongo umeegemea mbao. "Wewe nenda na gari. Sisi tutalala kwa shangazi Bariza pale Bardo, tutakuja kesho. Lakini huyu hatoki mpaka apigwe huo mwanga mkali. Mimi ukinitoa kwenye kiti hiki unibebe."

"Dorsaf, umeanza lini kunijibu hivi?"

"Leo."

Mokdad alisimama katikati ya giza, baba mzima, asijue akasirike au akae. Mwishowe alitafuta ukuta kwa mkono akachuchumaa. Dakika ishirini zikaanza kuhesabiwa. Hakuna giza refu kama lile ambalo watu wanne wanapumua humo na mmoja wao ana la kuficha. Hayet alisikia ushanga wa tasbihi wa Mokdad ukigongana punje kwa punje. Mara mbili Daktari Fethi aligonga mlango, na mara mbili Dorsaf akajibu, "Bado," kwa sauti ya mwenye nyumba.

Faili lilikuwa wazi mbele ya Hayet. Ni karatasi moja tu, alijisemea. Karatasi hupotea. Stoo ile ina panya, ina maji, ina miaka. Mkono wake ulikuwa juu ya ile karatasi, na aliona aibu kwa jinsi mkono ulivyokuwa mwepesi. Aliuondoa, akauweka juu ya paja, karibu aukalie.

Saa ya mashine ililia. Hakumwambia Yosr kitu zaidi ya "Usipepese." Akabonyeza.

Bakuli liliwaka jeupe, likazimika. Kwenye skrini mstari ulitetemeka, kisha ukazama. Ulizama chini sana, wenye nguvu, mstari wa seli iliyo hai na nzima, halafu pale ambapo jicho la mtu mwingine lingeurusha juu kama wimbi, haukupanda. Ulirudi tu mahali pake. Seli ilikuwa imenyamaza kama inavyopasa kunyamaza. Jirani hakusikia.

Hayet alibonyeza tena, na tena. Ukazama, ukazama. Alikuwa analia na hakujua ameanza lini.

"Shangazi?" Yosr alisema. "Huo nimeuona."

"Najua, mwanangu. Najua umeuona." Akageukia mlango. "Dorsaf, muite daktari."

Daktari Fethi alitazama skrini muda mrefu kwa mtu mwenye wagonjwa kumi na wawili. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye faili la zamani, akasoma, akayatazama macho ya Hayet. Chini ya mstari uliolala kulikuwa na sahihi ya Hayet, na kwenye ripoti iliyofuata, chini ya neno *kupofuka*, kulikuwa na sahihi ya daktari mwenyewe. Alimvuta pembeni ya mashine, akanong'ona kwa midomo tu, kiasi kwamba safari hii kweli hakuna aliyesikia.

"Imeandikwa mtoto alilia. Basi alilia. Usiongeze neno."

Kisha akawasha taa kubwa na kuwaambia habari vizuri, kwa maneno mepesi, lazima asifiwe kwa hilo. Yosr hatapofuka. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauendi mbele, haurudi nyuma. Akae mbele darasani, avae miwani, asitembee peke yake gizani. Mokdad alisikiliza mdomo wazi. Alipoelewa, alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakaanza kutikisika.

"Siendi kwenye mazulia?" Yosr aliuliza.

"Unarudi shule," alisema Mokdad ndani ya kofia. "Unarudi shule, mama yangu, hata kama ni kwa kukubeba mgongoni." Halafu akashusha kofia. Wazo lilikuwa limemjia, na lilipomjia lilimzeesha mbele yao. Akamtazama binti yake mkubwa. "Na huyu, daktari? Huyu wa mwanzo?"

Daktari alikohoa. "Tutampima naye, bila shaka. Inawezekana sana ni hilohilo. Siku ile, kwa bahati mbaya, kipimo hakikumalizika. Iko kwenye faili. Mtoto alilia sana, ikashindikana. Hutokea. Si kosa la mtu."

Hayet alimtazama Dorsaf. Alitarajia akasirike, aseme hapana. Badala yake msichana alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya mtandio, akafuta kioo kimoja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi ni mimi," alisema polepole. "Kumbe ni mimi mwenyewe."

"Si ulisema hukulia?" Yosr alimkatiza. "Ulisema baba alikununulia halua!"

"Nilikuwa mdogo. Nitakuwa nimesahau." Alijaribu kucheka. "Ningejikaza dakika mbili tu, eh? Baba, unaona? Wewe ulinisifu bure." Akavaa miwani, na nyuma ya vioo vile vinene macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kujificha. "Miaka yote hii natembea ndani ya nyumba nimefumba macho, nijizoeze. Najua ngazi zote kwa idadi. Uso wa mama naujua kwa vidole. Kumbe nilijipeleka mwenyewe."

Daktari Fethi alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa amempa Hayet njia, pana na laini, na ilichotaka ni kimya tu.

"Hukulia," alisema Hayet.

Wote wakageuka.

"Hukulia hata kidogo, Dorsaf. Ulikaa kama askari. Mimi ndiye niliyeandika hivyo." Alisikia daktari akiita jina lake kwa ukali, akaendelea. "Ilikuwa kesho yake Idi. Mume wangu alikuwa ananisubiri getini na kondoo. Nilikuwa na haraka. Ilikuwa imebaki dakika mbili, nikaziacha, nikaandika umelia. Sahihi ni yangu, hii hapa." Alimsogezea ile karatasi. "Kalishtaki hilo popote unapotaka. Nitakuja nilirudie kama nilivyolisema hapa."

Mokdad alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, na kwa muda Hayet alidhani atampiga, na alidhani pia kwamba hatajikinga. "Kondoo," alisema mzee. Akasema tena, "Kondoo," akakaa chini palepale alipokuwa.

Dorsaf aliisoma karatasi. Aliisoma kwa macho, mbali kidogo na pua, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Hakulia. Aliikunja, akaitia ndani ya mkoba wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni mali ya hospitali.

"Nilikuwa wa kwanza darasani," alimwambia Hayet. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alimwondoa Yosr kwenye kiti kwa kumshika bega, akakaa yeye. Akavua miwani, akampa mdogo wake aishike. Akaweka kidevu mahali pake, akafungua macho ndani ya bakuli jeupe, akasubiri zile nyuzi.

"Zima taa," alisema. "Baba, gari liende. Na wewe, nikilia safari hii, usisimamishe."